Uji wa Watoto na Kambale wa Masera

Nilikuwa nimeshika karai upande mmoja, Masera ameshika upande wa pili, na ndani kambale walikuwa wanapigana mikia. Tulisimama ziwani, maji yakitufika vifundoni, pale chini ya kituo chetu cha kulisha watoto, hapa Uvira. Wafanyakazi wengine walikuwa wamepanga mstari mchangani, viganja vimeunganishwa. Masera, mtawa wa Kibuda aliyekuwa mkuu wetu, alikuwa anawaombea samaki kabla ya kuwaachilia, kama alivyofanya kila mwezi ulipokuwa mpevu. Ndipo mwanamke mmoja wa Nyakabere akatoka kwenye foleni ya uji akashuka mpaka kwetu, binti yake mgongoni. Mtoto aliitwa Riziki. Miguu yake ilikuwa imevimba na nywele zimegeuka rangi ya majani makavu. Ugonjwa huo wa kukosa lishe kwetu ni bwaki, na hauhitaji daktari kuutambua.

Mama Riziki aliangalia karai, akaangalia ziwa, akaniangalia mimi.

"Mama Ombeni, hii samaki munatupa, iko na sumu?"

"Hapana. Iko muzima."

"Sasa munaitupia nani?"

Masera akafungua macho, akaniuliza kwa Kifaransa huyo mama anasema nini. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, nikatafsiri. Akajibu kwa upole wake wote: mwambie samaki hawa wanapenda kuishi kama sisi, na mwambie soya inakuja juma lijalo.

Hiyo "soya inakuja juma lijalo" nilikuwa nimeitafsiri tangu mvua za mwisho mpaka vumbi la kiangazi. Safari hii mdomo ulikataa. Niliachia upande wangu wa karai, nikamkamata kambale mmoja nyuma ya kichwa, pale miiba yake haichomi, nikamtia kwenye kikapu cha Mama Riziki.

"Enda upike. Bakiuliza, sema ni minye, Mama Ombeni."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Najua wanaostaafu huwa na mvi, na huandika wakiwa wamekalia kiti walichopewa zawadi. Mimi nina mtoto ambaye bado ananyonya, na nina hasira. Lakini kazi nimeifanya na imekwisha, na ninyi mtakaoshika mwiko na ulimi wa kituo baada yangu hamtaambiwa mambo haya na mtu mwingine. Mshahara siuandiki. Cheo nacho kilikuwa kimoja tu: "wewe hapo".

Nilienda pale na diplome yangu ya sekondari ndani ya bahasha, kuomba kazi ya kutafsiri. Siku ya kwanza niliambiwa nimhudumie mzee mmoja mtawa aliyetoka Sri Lanka. Tulimwita Bante, ambayo ni heshima tu, kama sisi tunavyomwita padri Mon Père. Alikuwa amenyoa kichwa, amejifunga nguo rangi ya manjano ya mboga, bega moja wazi. Nilimwekea chakula mezani: wali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, za nyanya na mawese. Nikasimama pembeni. Akakaa, akanitazama, akatabasamu. Nikatabasamu. Nilidhani anasali. Chakula kikapoa, jua likapita utosini, mzee akainuka akaenda zake bila kugusa kitu.

Mpishi, Mama Sifa, aliporudi kutoka sokoni alishika kiuno.

"Baba hakukula?"

"Nilimuwekea, akaangalia tu."

"Ulimuwekea, ao ulimupatia?"

"Si chakula iko mbele yake?"

"Iko mbele yake lakini haiko yake. Ule baba hakamataka kitu haikupewa mu mukono. Na saa sita ikipita, ni mpaka kesho. Weye mwenye diplome umeanza kazi kwa kufungisha muntu wa Mungu."

"Banasema haiko na Mungu."

"Basi umefungisha muntu wa bure. Ni mubaya zaidi."

Kesho yake Bante alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanieleza. Mtawa wa kwao hapiki, hanunui, hajichukulii. Lazima kila siku mtu ampe kwa mkono wake. Akiwa mbaya kwa watu, watamwacha alale njaa, na watakuwa hawajavunja sheria yoyote. Niliwafikiria wakubwa kadhaa wa mji huu ambao sheria hiyo ingewafaa. Sitawataja.

Basi somo la kwanza kwenu: bakuli la mtawa wa namna ile lishikeni kwa mikono miwili, mpeni, kisha muondoke. Na msimwalike jioni. Jirani yangu wa Kasenga alimwalika, akachinja kuku, akaita na mashemeji. Bante akakaa nao vizuri akinywa chai isiyo na maziwa mpaka wakamaliza kula. Yule jirani mpaka leo anasimulia kwamba mzungu mweusi alikataa kuku wake kwa majivuno.

Mama Sifa ndiye aliyenifundisha jiko. Kituo kilipokea watoto wa uwanda wa Ruzizi na wa mitaa ya ziwani waliokuwa wanakula ugali wa muhogo peke yake. Chombo chetu kikubwa kilikuwa utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye kijani, manjano na nyekundu. Nyekundu anapelekwa hospitali, manjano anabaki kwetu. Chombo cha pili kilikuwa kinu. Mama Sifa alikausha ndagala juani, akatoa vichwa, akatwanga, akachekecha mpaka unga ukawa laini kama poda. Unga huo unaingia kwenye uji mwishoni kabisa, moto umeshapunguzwa, vinginevyo harufu inapanda na mtoto anageuza uso. Mwenye bwaki hana hamu na kitu, hata kulia kunamchosha. Usimkaripie. Mpe mama yake aonje kwanza, mtoto akiona, halafu kijiko nusu. Subiri. Kijiko nusu tena. Mwenye haraka akafanye kazi mpakani.

Bante alikula ndagala hizo hizo. Nilimuuliza kama dini yake haikatazi kuua. Tulikuwa tunaosha vyombo. Yeye alikuwa anaosha bakuli lake mwenyewe, hilo aliruhusiwa. Akaniambia mwalimu wao, Buda, alikuwa mtu wa India, si mungu, aliyefundisha watu kutazama mateso yao na kiu inayoyazaa. Wanafunzi wake waliishi kwa kuombaomba, na anayeomba hachagui: akipewa samaki anakula samaki, ilimradi hakuvuliwa kwa ajili yake. Kutoka India mafundisho yakapita njia mbili. Moja ilikwenda kusini mpaka kisiwani kwao, ikabaki na bakuli la kuomba. Nyingine ilipanda milima mpaka Uchina. Kule watu waliona aibu mtu mzima mwenye nguvu kuombaomba, basi watawa wakalima, wakajenga majiko yao wenyewe. Na mwenye jiko lake anachagua kinachoingia chunguni. Wakaacha nyama na samaki, wakaacha hata vitunguu na vitunguu saumu, ambavyo wanasema vinasumbua akili. Njia hiyo ndiyo iliyofika Vietnam.

"Nani yuko sawa?" nilimuuliza.

"Wote wanamheshimu mwalimu mmoja," akasema. "Ukikutana nao, usiwapikie chungu kimoja."

Alhamisi akina mama walikuwa wanakaa ukumbini, Bante akiwafundisha maadili matano ya watu wa kawaida: kuacha kuua, kuacha kuiba, kuacha uzinzi, kuacha uongo, kuacha ulevi. Mimi nilitafsiri kama katekisimu ilivyonilea: usiue, usiibe. Bante akanisimamisha. Hakuna anayeamuru hapa, akasema, waambie ni mtu anajizoeza mwenyewe, akianguka anaanza tena. Nikawaambia.

"Kujizoeza? Sawa vile batu ba futbol?" akauliza mmoja.

"Njo vile."

"Basi minye nitajizoeza kuacha kupiga bwana yangu. Lakini naye ajizoeze kurudia nyumbani."

Bante alidai tafsiri ya kile kilichowachekesha. Nilimpa yote. Mtafsiri anayeficha kicheko ataficha na kilio.

Bante alizeeka magoti, wakamrudisha kwao. Akaja Masera. Jina lake la Kivietnam lilitushinda, na kwa kuwa masista wa Kikatoliki tunawaita masera, naye akawa Masera, jina likamkaa. Sitawachorea shetani, maana hakuwa. Alilala chini kwenye mkeka. Alibeba maji begani. Aliosha watoto wenye kuhara kwa mikono yake, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mtoto mmoja alipotufia kabla ya pikipiki ya kumpeleka hospitali kufika, ni yeye aliyekaa na mama yule mpaka ndugu walipokuja. Wengi wetu tulikuwa tumekimbilia jikoni.

Lakini juma lile la kwanza alipita karibu na kinu, akanusa, akauliza ni nini. Mama Sifa akamwonyesha kwa fahari. Masera akaenda nje kutapika. Akarudi akatuita: yeye ameweka nadhiri, na hekalu lililomtuma limeweka nadhiri, na waumini wa kule waliochanga walichanga kwa nia ya kutoua. Ndani ya ukuta huu hakitapikwa kiumbe. Watoto watapata soya.

Na soya ilikuja, ikitokea Bujumbura. Sitasema uongo kwa sababu nimekasirika: soya ni chakula kizuri. Tuliikaanga, tukaisaga, utepe ukapanda kijani. Kisha mpaka ukafungwa. Soya ya uwandani mafuriko yalikuwa yameisomba. Tulijaribu maharage, yakawaharisha wadogo. Uji ukabaki mahindi na sukari, na huo si uji wa mtoto mwenye bwaki, huo ni wa kumfumba mdomo. Masera aliandika barua, alipiga simu, alienda mwenyewe mpakani kukaa juani na magunia yake yakionekana ng'ambo. Kila jioni alirudi na neno moja: juma lijalo. Na chini ya ukuta wetu, kila asubuhi, wanawake walianika ndagala kwenye mchanga mpaka pwani inang'aa.

Mimi nilikuwa na Ombeni mgongoni. Marufuku ilihusu kila kinywa ndani ya ukuta, na chake pia. Basi saa ya kula nilitoka nje ya lango, nikampa ugali wake na ndagala nimeuelekea ukuta. Akina mama wa foleni waliniona. Mmoja alimshika Ombeni paja, lenye mikunjo, akaminya kama mtu anayepima nyanya.

"Huyu wa kwako anakulaka nini?"

Hakuhitaji jibu, miiba ilikuwa kwenye bakuli. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nalisha mtoto wangu kama mwizi, na sijui niliiba kwa nani.

Ndipo likaja hili la kuachilia samaki. Kwa watu wa njia ya Masera ni tendo kubwa la huruma: unanunua mnyama anayeelekea kufa, unamwombea, unampa uhai. Kwao wanaachilia ndege na samaki. Alitaka kuwaachilia ndagala, Mama Sifa akamweleza kwamba ndagala anakufa anapoona tu jua, wewe utakuwa unazika. Kambale ndiye anayeweza kukaa karaini nusu siku na bado akakung'ata. Basi tukampata Bahati, mvuvi wa mdomo wa mto Ruzizi. Bahati hakuwa anavua kambale zaidi ya wa kula nyumbani. Aliposikia kuna mtu ananunua walio hai kila mwezi, akanunua ndoana mpya.

Baada ya mara mbili tatu, Mama Sifa aliinama juu ya karai akasema taratibu, "Ule mwenye sharubu moja nilishamusalimia mwezi ilipita." Tukamuuliza Bahati. Hakuona aibu yoyote. Alikuwa anatega nyavu nyuma ya mawe, palepale Masera anapomwaga.

"Yaya, dada yangu, ile samaki iko ya nani kisha kutupwa? Haiko na mwenyewe. Na minye ninamukamata polepole, nisimutese. Naye ameshazoea."

Nilimwambia Masera, neno kwa neno. Akasema katika mafundisho yao tendo linapimwa kwa nia. Nia yake ni safi. Nia ya Bahati ni mzigo wa Bahati.

"Na watoto?" nikasema. "Mtoto hali nia."

Hapo nikatoa kisa alichonifundisha Bante. Buda alisafiri mbali kumfundisha mkulima mmoja maskini. Mkulima alikuwa amepoteza ng'ombe wake, akazunguka msituni siku nzima, akafika amechoka na hajala. Watu wote wamekaa wanangoja mafundisho. Buda akasema kwanza apewe chakula, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kusikia kitu.

"Kisa hicho ninakijua tangu utoto," Masera akasema. "Walimlisha kilichokuwa kimebaki nyumbani. Hawakumchinjia kiumbe."

"Kwetu kilichobaki nyumbani ni ndagala. Wameshakufa, wako pale chini wanaanikwa. Hatumchinji yeyote."

"Tukinunua leo, kesho watavuliwa kwa ajili yetu."

"Sawa na kambale wa Bahati."

Alifumba macho. Nilidhani amenikasirikia. Alikuwa analia, na hilo lilinikasirisha zaidi, maana mtu anayelia huwezi kuendelea kumpiga kwa maneno. Akasema nadhiri si nguo, huwezi kuivua kwa sababu kuna joto. Nikarudi jikoni kukoroga mahindi na sukari.

Hivyo mkifika ile siku ya Mama Riziki, mtakuwa mmeelewa kwamba haikuanza siku ile.

Baada ya ziwani Masera alinifuata. "Umemuua kiumbe niliyemwahidi uhai," akasema. Nikamjibu kwamba Riziki naye aliahidiwa soya. Akaniomba nikapumzike nyumbani mpaka atakapotafakari. Nilifungua kitambaa changu cha jikoni nikakikunja. Mama Sifa alinisindikiza mpaka langoni.

"Kichwa nguvu kama ya weye, ingefaa kutwangia. Ule samaki bamekula?"

"Sijui bado. Ninaenda kuangalia."

Walikula, na mchuzi waliulamba. Lakini kambale mmoja hatibu bwaki, na mtu asiwadanganye. Asubuhi nilimpima Riziki mkono kwa utepe niliokuwa nimeondoka nao, nikawapeleka hospitali yeye na mama yake. Wamempa kitanda na maziwa ya dawa, na uvimbe umeanza kushuka. Waliobaki kwenye foleni hawana kitanda. Wana mahindi na sukari.

Mwezi mpevu uliofuata Mama Sifa alinitumia mtu wa pikipiki. Ilikuwa siku ambayo watawa wanamaliza miezi mitatu ya kukaa pahali pamoja, ambayo wanaiita ya mvua, hata kama huku kwetu inaangukia vumbi. Siku hiyo kila mtawa anapiga magoti mbele ya wenzake na kuwaomba wamwambie makosa yake: waliyoyaona, waliyoyasikia, na wanayoyashuku. Masera hakuwa na watawa wenzake Uvira. Akaamua kutuomba sisi wafanyakazi. Na hakukuwa na wa kutafsiri.

Nikaenda, Ombeni mgongoni. Masera alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, kichwa chini, mtu mkuu mbele ya wapishi na walinzi. Alisema maneno yake, nikayasema kwa Kiswahili. Sasa, kwetu mkubwa akikuuliza kosa lake, unajua la kufanya. Wakainuka mmoja mmoja. Mlinzi akasema Masera iko mama yetu. Mfuaji akasema hatujaona kosa hata kidogo kama punje. Mtu akamvika kitenge, mwingine akaleta mkungu wa ndizi. Hata Mama Sifa, ambaye kinu chake kilikuwa kimegeuzwa kiti, alisema, "Aishi miaka mingi." Nilitafsiri kila sifa, sikupunguza. Kila niliyotafsiri, Masera aliinamisha kichwa zaidi, kama mtu aliyeomba maji akapewa mchanga.

Walipomaliza aliniangalia. "Na wewe?"

Nilikuwa nimekuja na karatasi. Niliisoma kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wenzangu wasikie, kisha nikampa pamoja na nakala, nikamwomba aweke sahihi na muhuri kwamba ameipokea, kama inavyofanywa katika biro yoyote ya serikali. Mama Sifa alinivuta kitenge nikae. Masera alisoma yote tena, peke yake. Akaomba wino. Nakala yenye muhuri ninayo, na inasema hivi:

"Kwa Masera, mkuu wa kituo. Nakala kwa baraza la hekalu lililomtuma, na kwa ofisi ya mambo ya kijamii ya Uvira. Habari: malalamiko juu ya uji wa watoto.

Nilichokiona. Nimeona utepe wa watoto wa manjano ukirudi kwenye nyekundu wakiwa mikononi mwetu, wakila chakula chetu. Nimeona mtoto wangu akinenepa nje ya lango kwa chakula kilichokatazwa ndani.

Nilichokisikia. Nimesikia kwa masikio yangu, na kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba soya inakuja.

Ninachokishuku. Ninashuku kwamba tunapoachilia samaki tunajisikia vizuri, na kwamba kujisikia vizuri huko ndiko tunakokununua kwa Bahati. Ninashuku kwamba Masera analijua hilo.

Ninaomba unga wa ndagala urudi ndani ya uji mpaka siku soya itakapofika. Nadhiri ya Masera iheshimiwe: asiununue, asiushike, asiuangalie. Mama Sifa anatosha.

Kama haiwezekani, ninaomba Masera asilitafutie jambo hili mtafsiri mwingine. Asimame mwenyewe mbele ya kila mama wa foleni, amwangalie mtoto, aseme kwa Kiswahili kwamba chakula kipo na hatampa. Maneno si mengi. Nitamfundisha."